Manyunyu ya Siku Ile

Mdogo wangu,

Huku tunasukuma siku. Paka wa ofisini kazalia ndani ya kasha la vipimajoto, kwa hiyo ukisikia mji una joto kali, ujue ni vitoto vyake.

Umeuliza mbona redio ilisema yalinyesha manyunyu siku mafuriko yalipomchukua mama. Ofisi yetu ya hali ya hewa ilipojengwa, uwanja wote ulikuwa wazi. Leo maghorofa yametuzunguka, na kipima mvua kimebanwa na ukuta. Mvua ikija kwa upande wa mto, kinaambulia matone. Nimeomba kihamishwe mpaka nimechoka. Bosi hujibu, "Tukikihamisha, vipimo vya miaka yote hii tutavilinganisha na nini?"

Siku ile nilitoka kumtafuta mama mtoni, nimelowa chapachapa, nikaenda kukisoma. Kilionyesha manyunyu, nikaandika manyunyu. Ningefanyaje?

Unakumbuka alivyokuwa akinipigia simu kazini: "Mwanangu, nianike au nisianike?"

Jana shangazi kafua nguo chache za mama zilizookotwa. Akaniuliza hivyo hivyo. Nilisimama mlangoni nikitazama mawingu, nikatoa mkono nje kuona kama kuna matone.

Wasalimie wanao.

Kaka yako