Baba, Mama Bado Anangoja Ukungu Ufunguke

Mwaka umetimia, Baba, tangu malaria ikuchukue, na bado tuna hasira na wewe. Tunakupenda, lakini hasira ipo.

Deogratias Kobelo, watu wa Morogoro walikujua kwa picha za harusi na kipaimara. Ulikuwa mpole. Asiye na kitu ulimpiga picha bure, na mtoto akilia ulimsubiri mpaka anyamaze. Sisi wa nyumbani tulikujua kwa mgongo, ukiondoka. Enzi za ruksa zilipoingia, bidhaa za nje zikaruhusiwa na filamu za kamera zikajaa madukani, ulinunua hema la mitumba, ukawa unapotelea Uluguru kila kiangazi. Maharusi walikuja wakakuta studio imefungwa, matusi tukayapokea sisi.

Ulikuwa unatafuta picha moja tu. Ulimwahidi Mama kijiji alichozaliwa kule Mgeta, chote, kutoka juu mlimani, na bustani za kabichi zikishuka hadi bondeni. Kila mara ulirudi umelowa, mikono mitupu. "Ukungu, Mama Faraja. Bado kidogo, utafunguka." Maneno hayo yalituchosha!

Safari ya mwisho ulirudi unacheka. "Nimeipata!" Tukakusihi uipeleke filamu ikasafishwe. Ukakataa, eti zimebaki picha chache, uzimalizie kwanza. Wiki hiyohiyo ukaugua.

Siku ya kumaliza matanga, wazee wa ukoo walimkabidhi kamera mpwa wako Benedikto, maana kwetu Waluguru mtoto wa dada ndiye mrithi. Wakamwambia aifungue, wauone urithi wenyewe. Akaifungua uani, jua la saa sita. Mwanga ukaingia, filamu nzima ikaungua. Mama aliingia ndani akafunga mlango. Kwa nini hukumfundisha hata mmoja wetu kazi yako?

Juzi, baada ya misa yako, tulipanda wote na lile hema lako linalovuja. Benedikto alibeba kamera. Siku mbili, ukungu mtupu. Tukafungasha, tumelowa, tunakulaumu kwa sauti. Mama akagoma kuinuka. Alikaa mlangoni mwa hema, khanga kichwani, macho bondeni. Tulipomvuta mkono alitujibu, "Bado kidogo. Utafunguka."

Tunaokukumbuka ni mkeo Paskalia, wanao Faraja na Modesta, dada yako Scholastika, na Benedikto, ambaye tunajitahidi kumsamehe.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Mwakani tunapanda tena, Mama ameshasema.