Aliyemdhamini Mdogo Wangu Ndiye Adui wa Tamthilia

(Majina ya watu tumeyabadilisha, na jina la tamthilia tumeliondoa.)

Ndugu mshauri, pokea salamu zangu na shida yangu kwa pamoja.

Jana Alhamisi jioni Clara, ambaye ndiye mwandishi wa tamthilia ya upelelezi ninayoigiza, alinitumia kwenye simu kurasa sita za mwisho na kuniambia kwamba Alhamisi ijayo saa mbili asubuhi tunarekodi ndani ya duka la Talha hapa Keko, na kwamba tajiri wa kwenye hadithi, ambaye Clara amemgeuza kuwa Mhindi mwenye duka kama Talha, ndiye aliyempakazia fundi wizi, na fundi huyo ndiye mimi, na natakiwa kumkunja shati mwenye duka mbele ya rafu za misumari na kumwambia, "Nyie mlikuja hapa kutunyonya tu." Talha hajui. Talha anadhani tunakuja kurekodi jinsi alivyotusaidia.

Naomba nieleze tangu mwanzo maana bila hivyo sitaeleweka. Mimi ni seremala, naitwa Nikodemu, nina miaka thelathini na minne, wazazi wetu walitoka Newala, kule kusini, na mie na mdogo wangu Augustine tumezaliwa hapa hapa Temeke. Mwaka jana watu wa tamthilia walikuja kwenye banda letu wakitaka mabenchi ya kituo cha polisi cha kuigizia na kizimba cha mahakama, nikaenda kuvifunga huko Bunju wanakorekodia, na nikiwa nagongagonga kizimba mwongozaji akaniangalia akasema, "Braza, hebu simama humo ndani," nikasimama, akawaambia wenzake, "Mmeona? Huyu ana sura ya mshitakiwa kabisa," wakacheka, na mimi nikacheka, nikapewa nafasi. Sijutii, maana tamthilia yenyewe ni nzuri, inaonyesha mtu wa uswahilini anavyokaa mahabusu kwa kukosa mdhamini huku mwenye gari kubwa kesi yake ikiisha kwa simu moja, na kuna mama mmoja alinishika mkono sokoni Temeke Sterio akaniambia, "Mwanangu, wangu naye yumo ndani, endeleeni kusema."

Sasa kisa chenyewe kinachorekodiwa ni cha Augustine. Kazi ya makabati ya ukutani haiishii bandani, tunachonga hapa Keko halafu fundi anahamia kwa mteja siku tatu nne kufunga, kupiga msasa na vanishi, chumbani kwao wanamolala, na mteja mwenye adabu anakutolea vitu vyake kwanza, asiye nayo anakuachia kila kitu mezani. Miaka mitatu iliyopita Augustine alikwenda kufunga kabati kwa mkubwa mmoja wa ofisi, mtu wa bara, mweusi kama sie, na siku ya tatu cheni ya mkewe haikuonekana, mke akawaambia polisi, "Hawa watu wa kusini nawajua mie," basi, mdogo wangu akakaa mahabusu wiki saba, kwa sababu kila mdhamini tuliyempeleka ni mpangaji na mahakama ilitaka mwenye nyumba au kiwanja. Aliyejitokeza ni Talha, anayetuuziaga gundi, bawaba na misumari, alikuja na hati ya nyumba yao na barua ya serikali ya mtaa, na karani alipomuuliza, "Huyu ni nani yako?" akajibu, "Ndugu yangu. Kwani huoni tulivyofanana?" wakacheka watu wote pale, hata askari. Baadaye cheni ilionekana kwenye mfuko wa koti la mwenye nyumba mwenyewe, kesi ikafutwa, na mpaka leo hakuna aliyekuja kusema samahani.

Nilimsimulia Clara kisa hiki siku moja tukisubiri gundi ya kizimba ikauke, akawa anaandika, akaniuliza, "Tajiri mwenyewe ni nani?" nikanyamaza, kwa sababu yule mkubwa bado yuko ofisini kwake na ofisi yao inaagiza meza kwa mafundi wa hapa, nikasema tu ni tajiri mmoja hivi, kumbe yeye akaenda akageuza kila kitu. Jana nilimpigia nikamuuliza kwa nini amegeuza, akasema, "Niko, mtazamaji akimwona Mhindi dukani hahitaji maelezo. Nikimweka mkubwa mweusi nahitaji sehemu mbili nzima za kumweleza, na sina. Halafu hii ni ya kubuni, usiitie moyoni. Na muda wa kubadilisha ushapita."

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba duka niliomba mimi. Niliomba kabla sijaona kurasa, nikamwambia Talha ni kile kisa cha Augustine, akakubali hapo hapo, amepaka milango rangi, na kila nikipita ananiita, "Fundi, huyo atakayeniigiza mimi mmempata? Msiniletee mwembamba, watu watasema nimeumwa!" Mama yake ameshawaambia jamaa zao hadi Tanga. Leo asubuhi nilisema namwambia, nikafika pale nikanunua misumari nisiyoihitaji nikaondoka.

Augustine nilimsomea zile kurasa jana hiyo hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kaka, mie kusimuliwa sikatai. Lakini ukimkunja Talha shati, hata Talha wa kuigiza, mie na wewe basi." Nikikataa kuigiza, nafasi watampa mwingine, na hii ndiyo mara ya kwanza kwa mtu wa sura yetu kupewa maneno zaidi ya "ndiyo afande". Nikikubali, sijui nitamtazamaje Talha, wala mdogo wangu. Nifanye nini?

Nikodemu, Keko


Nikodemu,

Barua yako ilifika Ijumaa. Tunaichapa leo Jumatatu, mbele ya zilizoitangulia, kwa sababu ya hiyo Alhamisi.

Nakupa pole kwa wiki zile saba za mdogo wako. Pole yangu inaishia hapo, maana muda ni mchache na kuna jambo hujaliona kwenye barua yako mwenyewe. Umeandika mara tatu kwamba Clara ndiye aliyegeuza. Mara moja tu, katikati, umeandika kwamba ulinyamaza. Clara alikuuliza swali la maana, la mtu anayetaka kujua: tajiri ni nani? Wewe uliliogopa. Aliyemweka Mhindi kwenye ile nafasi ni Clara, lakini aliyeiacha wazi ni wewe. Ulimkinga aliyemfunga mdogo wako, ukamwacha aliyemtoa hana kinga.

Woga wako naufahamu na sikucheki. Mtu anayeishi kwa kuuza meza hamtaji mnunuzi wa meza. Lakini hakuna aliyetaka jina. Ungeweza kusema "mkubwa mmoja wa ofisi, Mtanzania mweusi" ukaishia hapo, na wakubwa wa namna hiyo mjini ni wengi kiasi kwamba asingejulikana.

Sasa la Clara. Anasema mtazamaji akimwona Mhindi dukani hahitaji maelezo. Ni kweli, na hilo ndilo kosa lake. Yule mke wa mkubwa naye hakuhitaji maelezo alipomwona Augustine. Mwongozaji naye hakuhitaji maelezo alipokuona umesimama kizimbani na nyundo mkononi. Tamthilia inayosema inapinga watu kuhukumiwa kwa sura haiwezi kumaliza kazi yake kwa njia hiyo hiyo. Sisemi wenye maduka wote ni malaika. Kama Clara anamjua Mhindi aliyemdhulumu fundi, amwandike, na amwandike vizuri. Ila kisa hiki kina mwenyewe, na kilivyotokea si hivyo.

Anasema pia muda umepita. Nimemuuliza mtu anayeandika tamthilia nyingine, bila kumtajia ya kwenu. Amesema kurasa hubadilishwa hata asubuhi ya kurekodi, mwigizaji akiwa anapakwa poda. Kwa hiyo hilo usilikubali kirahisi.

Utakachofanya ni hiki. Kwanza Talha, si Clara. Najua ungependa kuanza na Clara, kwa matumaini kwamba akikubali kubadilisha hutakuwa na haja ya kumwambia Talha lolote. Ndiyo maana nakukataza. Umemwomba mtu mlango wake kwa maelezo yasiyo kweli. Hukujua wakati ule, lakini tangu Alhamisi unajua, na kila siku unayonunua misumari na kuondoka inakuwa siku ya kumdanganya. Nenda na Augustine. Mpe Talha kurasa azisome mwenyewe, usimfupishie, na lile neno la "mlikuja kutunyonya" usiliruke. Mwambie ulinyamaza na kwa nini. Usitume ujumbe wa sauti. Akikasirika, mwache akasirike. Usianze kumweleza jinsi unavyoumia wewe. Akikufukuza dukani, toka. Anaweza asikusamehe, na sina cha kukuahidi hapo.

Duka ni lake. Akisema kamera zisije, hilo limekwisha, na utamwambia Clara bila kumzunguka. Akisema zije kama kisa kitarudishwa kilivyokuwa, hilo nalo ni lake. Lakini usilitumie duka la mtu kumtishia Clara kabla mwenye duka hajasema neno.

Kisha Clara, uso kwa uso, wewe na Augustine. Mpe jibu la swali alilokuuliza siku ile: kazi ya yule mtu, cheo chake kwa makisio, rangi yake, maneno ya mkewe, koti ilimokutwa cheni. Mweleze na yule karani aliyeuliza huyu ni nani yako. Mwandishi akipewa hayo na bado akaona Mhindi wa kubuni ni rahisi zaidi, utakuwa umemjua. Hapo utamwambia kwamba ule ukurasa wa kukunja shati huuigizi. Unaweza kupoteza nafasi. Sitakuficha hilo, wala sitakuambia kwamba nafasi haina thamani. Yule mama wa Sterio hakukushika mkono bure, na ningependa kukuona ukiendelea. Lakini kisa hiki kiliingia humo kwa kinywa chako kumsimulia Clara habari za mdogo wako, na mdogo wako ameshakuambia mpaka wake uko wapi. Ni mpaka wa haki. Yeye ndiye aliyekaa ndani.

Jambo la mwisho ni kuhusu kicheko. Siku ile mwongozaji aliposema una sura ya mshitakiwa, ulicheka nao. Hukuwa na njia nyingine, ulikuwa mgeni na umeshika nyundo. Sasa si mgeni. Atakayesema tena, muulize amaanisha nini, na usubiri ajibu.

Clara kesho Jumanne, saa nne asubuhi, huko huko Bunju. Mpigie mchana huu umwambie mnakwenda. Talha ni leo, saa kumi jioni, wateja wakipungua.