Karani Alipoita Jina Lake

Mzee Zablon, mwalimu wangu,

Kile kitabu cha maisha ya mbunge wa Amerika kimekwama ukurasa wa mwisho, palepale ulipokiacha. Yule mwalimu wa shule aliyetuletea tukichape amekuja mara tatu. Kesho saa sita anakipeleka kwa wachapaji wengine, hapahapa River Road.

Ulimpenda sana yule mbunge. Mtoto wa fundi viatu, akajisomea sheria, akaingia bunge lao karne ya kumi na tisa kupinga utumwa. Wakamwangusha kwenye uchaguzi, akarudi. Wakamwangusha tena, akarudi na mvi. Ulipanga maisha yake kwa herufi za madini ya risasi, moja moja, ukicheka peke yako. Hata bunge lake uliliiga: kila asubuhi uliita majina yetu kama karani wa bunge, mimi na Wanjiru wa kushona vitabu, tukajibu "Nipo!" Halafu unajiita na kujiitikia mwenyewe. Ulikuwa mtundu, Mzee.

Lakini mstari wa mwisho ulikushinda. "Karani alipoita jina lake, hakuna aliyejibu." Ukaniambia, "Huyu mzee hatakufa leo. Wacha akae mpaka Monday."

Jumatatu hiyo tulikuwa kwako Uthiru, tukipakia jeneza lako kwenda kukuzika nyumbani Maragoli.

Nimeupanga mstari ule mara mbili. Kila asubuhi naukuta umevunjwa, herufi zimerudishwa kashani, kwenye vichumba vyake. Na zile k ziko kwenye kichumba cha x, ulikoziweka wewe tu, ukisema Kiswahili hakina kazi na x. Ufunguo wa duka ninao mimi peke yangu.

Jana Wanjiru alishika orodha ya majina, akajisahau, akaita, "Zablon!"

Nyuma ya kasha lako mtu akajibu, "Nipo."

Wanjiru alitoka mbio na kiatu kimoja. Mimi nilibaki, nywele zimenisimama, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Kumbe mimi ndiye nisiyetaka kitabu kiishe. Kikiisha, nitabaki hapa na nani? Lakini sauti ile ilikuwa imechoka, Mzee. Imechoka sana. Ni kama mtu anayekatazwa kulala, na anayekukataza ni mimi.

Basi leo mchana nimeupanga tena, na sikungoja asubuhi. Nimeuchapa palepale, nakala zote. Wino umekauka. Sasa hauvunjiki.

Kwaheri, mwalimu wangu. Naahidi k zitakaa ulikoziweka, na nitakayemfundisha kazi atazikuta hapo. Kesho nitaita majina mwenyewe. Lako nitaliita mara moja tu, kwa heshima, kama karani yule.

Tafadhali, Mzee, usijibu.

Jotham