Wali wa Baba Kwenye Mizani

Puli,
24 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Kuo-cheng,

Natumaini hujambo huko São Paulo, na kwamba kifua hakikusumbui tena. Sisi tu wazima. Mama goti humuuma mvua ikinyesha, ila anakula vizuri.

Kaburi la Baba tulilifagia mwanzoni mwa mwezi, mara ya kwanza tangu tumzike. Plamu zimeanza kuiva.

Kuna jambo limetokea nyumbani, bora ulisikie kwangu kabla Kaka hajakupigia simu. Binti yake, Yu-chieh, yuko darasa la tatu. Mwalimu wake, Bi Hsu, amewazoesha watoto kwamba mwenye swali atafute mwenyewe namna ya kulijaribu. Yu-chieh akataka kujua kama Babu anakula kweli chakula tunachomwandalia kwenye meza ya wazee wetu waliotangulia. Akapima bakuli la wali kabla ya kuwasha udi, akalipima tena udi ulipokwisha. Likawa limepungua. Mama alifurahi hata akawaambia majirani.

Bi Hsu alimwuliza tu, “Na bakuli ambalo halikuandaliwa mtu yeyote, umelipima?”

Mtoto akaweka bakuli lingine juu ya friji, bila udi. Nalo likapungua vilevile. Akatutangazia wakati wa chakula kwamba Babu hali, ni mvuke tu unaotoka.

Kaka aliweka chini vijiti vyake vya kulia. “Shule ndiyo imekutuma umpime babu yako kama nguruwe wa sokoni?” Akaichukua mizani, akasema atamshtaki Bi Hsu kwa mwalimu mkuu. Mama aliondoka mezani. Mimi nilitoa vyombo.

Tangu hapo Yu-chieh hakuuliza kitu. Bi Hsu alinipigia simu kazini, posta, akaniambia kwamba darasani mtoto huinamisha kichwa na kusema, “Sina swali, mwalimu.” Nilimfikishia Mama habari hiyo. Sikuongeza langu.

Jumatatu Mama alivaa koti analovalia harusini, akaitoa mizani kwenye kabati la Kaka.

“Mama, unakwenda kumsema mwalimu?” Kaka akauliza.

“Nakwenda kusoma. Wewe nenda kazini.”

Nilimsindikiza kwa ajili ya goti. Akasimama mbele ya darasa. “Mjukuu wangu kasema kweli, wali hupungua wenyewe. Lakini mume wangu alikuwa akitoka shamba, hajafika hata mlangoni, ananiambia, ‘Leo umeunguza.’ Alijua kwa pua. Sasa nawauliza nyie wasomi, harufu ina uzito?”

Watoto wakacheka. Bi Hsu akasema hata yeye hana hakika. Ubishi ukaanza, mmoja akashikilia kwamba harufu ya kitunguu saumu lazima iwe nzito kuliko ya wali. Mwishowe Yu-chieh akanyoosha mkono.

“Bibi, hiyo mizani haitoshi kupima harufu. Na tutafute kitu kinachonuka sana.”

“Tofu iliyochacha ipo nyumbani,” Mama akamjibu.

Kaka hajaenda kwa mwalimu mkuu. Jana asubuhi nilimkuta peke yake mbele ya meza ya wazee, ameinama juu ya bakuli la Baba, ananusa. Nilirudi jikoni.

Nisalimie mkeo Shu-fen na wanao wote. Mama anawaombea afya na riziki, na wazee wetu wawaangalie huko mliko.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Hsiu-yun