Kaka Kaniletea Isale, Namshuku

Mpendwa Shangazi Elinipendo, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu jambo, na tafadhali jina la ukoo usiliweke, Dominika peke yake linatosha, maana huku Marangu gazeti moja linazunguka nyumba nyingi na kila nyumba ina mdomo wake.

Mimi ni mpagazi wa mlimani, mwaka wa tisa huu nabeba mizigo ya wageni, na ndoto yangu miaka yote ni siku moja niwaongoze mwenyewe, nitembee mbele, nisiwe wa kufuata nyuma na begi kichwani. Mafunzo nimemaliza, leseni ninayo, iko sandukuni chini ya vitenge na haijawahi kupanda mlima. Sasa kampuni moja ya hapo Moshi mjini imenitafuta, kijana wao anaitwa Jesse, anataka niongoze kikundi cha wanawake tu mwezi wa saba, na anataka jibu kabla mwezi huu haujaisha, nami kila akipiga namwambia nitakupigia, nitakupigia, kwa sababu najiuliza kwa nini mimi, wakati wapo wanaume waliozeekea kwenye kazi hiyo, labda wanataka tu picha ya mwanamke wa kuweka mtandaoni halafu wanirudishe kwenye mizigo.

Lakini hilo ni dogo, Shangazi, kubwa ni kaka yangu Eliezeri. Baba alipofariki kihamba chetu, shamba la migomba tunamoishi, kiligawanywa, upande wa juu anakaa kaka na mke wake Gladys, upande wa chini nakaa mimi na mama na ng'ombe wa mama, katikati kuna kinjia tu cha kupitia. Kaka anaongoza wageni tangu mimi niko shule, na mara ya kwanza nilipopanda kama msaidizi nilikuwa chini yake, tukafika Gilman's, ukingoni karibu na kilele, mama mmoja mgeni akaanza kutapika na kuongea vitu visivyoeleweka, kaka akaniambia shuka naye, nikashuka naye nimemshika mkono mpaka kambi ya Kibo akapata nafuu, kaka akaendelea na wengine kileleni, na tuliporudi nyumbani nikasikia amewaambia watu kilabuni kwamba mlima umemshinda Dominika, watu wakacheka sana, ila hayo yamepita, siyo ninayokuandikia.

Ninachokuandikia ni kwamba baada ya Pasaka kaka alikuja kwetu asubuhi, amevaa shati la kanisani na siku hiyo si Jumapili, mkononi ana isale, tena si jani moja, tawi zima na majani yake yamefungwa fundo. Akamsalimia mama, akanipa lile tawi, akasema, "Mdogo wangu, nimesikia kampuni imekuita. Nenda. Mama tutamwangalia sisi." Akaondoka, hata chai hakunywa. Shangazi, wewe ni wa huku, unajua mtu akikuletea isale anaomba msamaha na halikataliwi, lakini nani anaomba msamaha bila kutaja kosa? Amenifanyia nini ambacho sijakijua? Au anaomba msamaha mapema kwa kitu anachotaka kunifanyia? Na wiki hiyo hiyo Gladys akaanza kumletea mama mtori, Gladys ambaye miaka yote hajui hata chumvi yetu inakaa wapi, mara anamkatia ng'ombe majani, mara anamfulia mama khanga, nikasema hapa kuna jambo. Mimi nikiwa juu siku sita wao wanahamia kwa mama, mama ni mzee atakubali lolote, nikishuka nakuta sina pa kulala.

Basi lile isale kulipokea sikutaka na kulitupa niliogopa, nikaenda kulichomeka pale kwenye kinjia kati ya kwetu na kwake, nikasema likae hapo mpaka moyo wangu utakaponiambia. Kwa mvua hizi limeshika, limetoa na majani mapya. Na ona sasa walivyokuwa wanaigiza: tangu hapo kaka hapiti tena kwetu, anazungukia barabarani, Gladys na mtori wake kapotea, tukikutana kanisani ananisalimia kama mtu wa benki. Si unaona? Waliposhindwa kunidanganya wameacha. Sasa nimjibu nini Jesse? Nikienda napoteza kihamba, nisipoenda nitazeeka na mzigo kichwani. Nimechoka kuwaza, hata kula sili vizuri. Utakachosema wewe ndicho nitakachofanya.

Dominika, Marangu.

SHANGAZI ELINIPENDO ANAJIBU

Marahaba, Dominika. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma, ya pili kwa hasira. Huruma bado ninayo, usiogope.

Umemshuku Jesse. Umemshuku kaka. Umemshuku wifi yako, na mtori wa watu usio na hatia nao umeushuku. Mimi pia ni mtu wa kushuku, kazi hii imenifanya hivyo, basi nipe nafasi na mimi: ninayemshuku ni wewe. Nashuku unaogopa kuongoza, na umeona afadhali kuwaogopa watu kuliko kukiri kwamba unauogopa mlima.

Unauliza kaka anaomba msamaha wa kosa gani. Mwanangu, umeliandika mwenyewe, ukalipita mbio na kuniambia yamepita! Yamepita wapi? Maneno ya kilabuni yalikuingia, ukayaamini, na ndipo leseni ikaenda kulala chini ya vitenge. Kaka yako analijua hilo. Ndiyo maana alivaa shati la kanisani siku ya kazi. Ninyi nyote wawili hamkutaja kosa, yeye kwa aibu na wewe kwa kiburi, na isale likabaki linasema peke yake.

Na kabla sijaendelea, ngoja nikuambie kitu ambacho mtu angepaswa kukuambia siku ile. Mgeni anayetapika na kuongea ovyo kule juu anaweza kufa. Wewe ulimshika mkono ukamshusha, yuko hai kwao sasa hivi, na pengine anakutaja kwenye sala zake. Hiyo ndiyo kazi ya kuongoza. Siku unayodhani ulishindwa, ulikuwa tayari unaifanya kazi unayoiogopa.

Sasa tuje kwenye lile tawi, na hapa ungekuwa karibu ningekufinya. Wewe mtoto wa Marangu, umekulia kihambani, hujui masale yanapandwa wapi? Kwa wasomaji wa mbali nieleze: kwetu isale ukiletewa mkononi ni ombi la msamaha, lakini likisimamishwa ardhini kati ya watu wawili ni mpaka, na hakuna mtu mwenye akili anayeuvuka mpaka huo kwa mzaha. Kaka yako alikuletea msamaha, wewe ukampandia mpaka njiani pake, ukauacha uote! Halafu unashangaa anazungukia barabarani. Ulitaka apite wapi? Gladys naye avuke na sufuria ya mtori mkononi ili aambiwe amekanyaga mpaka wa watu?

Simfanyi Eliezeri malaika. Vihamba vimegombanisha watu wema kuliko yeye, na hofu yako juu ya mama si ya kijinga. Kwa hiyo kaeni pamoja, wewe, kaka na mama, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, isemwe kwa sauti upande wa chini ni wa nani na nani anamwangalia mama ukiwa juu. Mtu mwenye nia mbaya hupenda mambo yabaki gizani. Kama kaka atakataa kikao, hapo niandikie tena, tutashuku pamoja.

Lakini eti nitakachosema mimi ndicho utakachofanya? Hapana. Ujanja huo naujua. Nikikuambia nenda, siku ukipigwa na baridi utasema ni Shangazi. Nikikuambia baki, ukizeeka utasema ni Shangazi. Jesse hakunipigia mimi simu. Na kama anakutaka kwa ajili ya picha, apige hiyo picha, wewe simama mbele na leseni yako shingoni, halafu uwapandishe wageni wako kama ulivyofundishwa. Akikurudisha kwenye mizigo baada ya hapo, kampuni zimejaa mjini.

Mpigie sasa hivi, kabla hujalikunja gazeti hili. Neno "nitakupigia" nimelifuta, usilitumie. Ukishamjibu chukua jembe, nenda kwenye kinjia, ling'oe lile isale taratibu na mizizi yake, uende nalo juu hadi kwa kaka ukipita hapo hapo ulipokuwa umeziba. Mwambie, "Kaka, nimelipokea. Sikujua pa kuliweka." Usiongeze neno, nakujua utaharibu.

Ukikaribishwa mtori, usiunuse kwanza. Kula ushibe. Mwezi wa saba kuna wanawake wanaokusubiri uwapandishe, na atakayezidiwa umshushe.