Nzi Wanaokuja Kumi-Kumi

Westlands, 7 Juni 2004

Dada Namalwa,

Sasa dada? Mimi mzima, na Nairobi hii hajazaliwa mtu anayejua nzi kunishinda. Nikipita, nzi wenyewe wananyamaza. Tumbo la mwanao Janice linaendeleaje?

Niliishia darasa la saba, lakini leo niko ofisi yenye lifti. Mkubwa wangu, Bi. Munyiva, analinganisha vyoo viwili: kile kipya cha mtaa wa Satellite na hicho chenu cha Waithaka. Naning'iniza karatasi yenye gundi jioni, asubuhi nahesabu nzi walionasa. Siku thelathini kila choo. Kila siku inakuwa nukta moja kwenye mchoro, juu ya idadi ya nzi wake, na idadi zikilingana nukta zinapandana, safu ya Satellite juu, ya Waithaka chini, na hata kipofu ataona uozo uko wapi.

Samahani, lakini hicho choo chenu hata fisi angeziba pua. Sijui chakula kinawapitaje kooni.

Ndugu yako mwenye kichwa,
Maxwell

Waithaka, 20 Juni 2004

Mdogo wangu Maxwell,

Mimi sijambo, ila Janice ameharisha tena, mara ya tatu tangu Pasaka. Nzi wanatoka chooni, wanatua kwenye uji wake na miguu ile ile. Nikiwafukuza wanahamia mdomoni mwake. Napika huku natapika.

Kibe mwenye ploti ametuambia wapangaji wote: "Leteni karatasi ya ofisi yenye hesabu ya nzi, nitakifukia choo hiki nichimbe kingine." Kwa hivyo tunakungoja wewe.

Lakini Mama Nyakio, anayeuza mboga za sukuma hapo getini kutwa, anasema hajakuona tangu ile siku ya kwanza. Nimemjibu unakuja alfajiri. Ndivyo?

Dada yako,
Namalwa

Waithaka, 25 Julai 2004

Maxwell,

Natumai u mzima, maana hujajibu mwezi mzima. Janice alilazwa siku nne. Ametoka, lakini nikimbeba ni kama nimebeba kanga tupu.

Kibe ananicheka mlangoni, anauliza karatasi iko wapi. Niandikie, hata mstari mmoja.

Dada yako

Kangemi, 1 Agosti 2004

Dada yangu,

Naomba Janice awe ameanza kula.

Mchoro ulitoka. Satellite nukta zimetawanyika: tatu, saba, kumi na moja, siku ya mvua ishirini na sita. Waithaka ilikuwa minara mitatu: hamsini, sitini, sabini. Katikati hakuna hata nukta moja. Bi. Munyiva aliuangalia sana, kisha akauliza polepole, "Maxwell, nzi wa Waithaka wanakuja kumi-kumi?"

Nikamwambia labda wana nidhamu. Hakucheka. Aliikata safu yote ya Waithaka kwa kalamu nyekundu, ripoti ikaenda na Satellite peke yake. Mimi nikaenda nyumbani.

Nilitaka kukuandikia kwamba huyo mama ni mchawi, au kwamba karatasi zililoa. Nimeandika barua mbili hivyo, nimezichana.

Asubuhi ile ya kwanza nilifungua mlango wa choo chenu nikakuta karatasi imekuwa nyeusi, inatetemeka, nzi bado wako hai, funza wanapanda ukutani. Nilitapikia viatu vyangu. Sikurudi tena, dada. Siku zilizobaki nilikaa hapa Kangemi nikakisia idadi. Choo kilikuwa kibaya vya kutosha, hakikuhitaji uongo wangu. Kilihitaji mtu wa kuhesabu, na sikuhesabu.

Ndugu yako,
Maxwell