Daktari Wangu Alinipa Mkono Kama Mgeni

Mpendwa Shangazi Ardis,

Naomba unitegee sikio, maana mama yangu ameshachoka kunisikiliza na wenzangu darasani kila mmoja ana presha zake, na Jumatano ijayo orodha zinafungwa, nisipoamua vizuri nitakuwa nimejitia kitanzi mwenyewe. Mimi nasomea saikolojia, niko mwishoni mwa udaktari, na kwetu huwezi kuitwa daktari mpaka umalize mwaka mzima wa mazoezi ya kazi, na nafasi hizo tunaziomba nchi nzima, tunaitwa kwenye usaili, halafu kila mwombaji anapanga vituo kuanzia kile anachokitaka zaidi, na vituo navyo vinatupanga sisi, kisha kompyuta inaoanisha, na itakakokutupa ndiko utakakokwenda, hakuna kukataa. Nimeomba vituo vingi, lakini haki ya Mungu Shangazi, moyo wangu uko kwenye kimoja tu, kituo cha ushauri nasaha cha chuo nilichosomea digrii ya kwanza, kule Minnesota kaskazini, kando ya ziwa.

Ngoja nikwambie kwa nini, maana hapa ndipo penye mambo. Nikiwa mwaka wa pili baba yangu alifariki ghafla katikati ya muhula, nikarudi chuoni baada ya mazishi nje mzima ndani hamna kitu, silali, sili, nikiingia darasani nakaa na koti na kofia mpaka kipindi kinaisha. Msichana niliyekaa naye chumba kimoja akanikokota mpaka kituoni, na huko nikakabidhiwa kwa mama mmoja, Daktari Pruitt, akawa nami mpaka nilipohitimu. Mpaka leo nikisikia bomba la joto likigonga ukutani namkumbuka yeye, na kile kimashine cha kuvuma walichoweka nje ya mlango ili wapitao wasisikie tunayosema, na harufu ya viatu vya theluji vikikauka juu ya magazeti, na yule mama ameketi, hana haraka na mtu, ziwa limeganda dirishani nyuma yake, ananiuliza, "Haya, leo baba yako yuko wapi?" Na mimi nilikuwa namjibu! Leo yuko bandani anatukana trekta. Leo yuko jikoni anakwangua sinia la viazi na nyama, mama anamfokea awaachie wengine. Nililia mle ndani, nikacheka mle ndani, na ni mle ndani nilipoamua kwamba kazi yangu itakuwa hii hii. Natamani siku zile Shangazi, najua ni kichaa mtu kutamani siku za msiba wake, lakini nazitamani.

Basi Januari wakaniita. Nikaendesha gari kwenye theluji, nikafungua mlango, harufu ile ile, nikataka kulia pale pale. Mwenzangu Tamsin, aliyesailiwa siku moja kabla yangu, alikuwa ameshaniambia kwamba Daktari Pruitt sasa ndiye mkuu wa mafunzo na ndiye anayeongoza usaili, kwa hiyo nilijua nitamkuta. Hakuwepo. Msaidizi wake, bwana mmoja anaitwa Lindquist, akasema, "Daktari Pruitt hatakuwa nasi kipindi hiki, karibu uketi," nami nikaketi, yeye na wasaili wenzake wakaanza kunitazama, ndipo nikagundua nimekaa kwenye kochi la wateja, tena mto nimeshaukumbatia. Bwana Lindquist akacheka, "Wengi huwa wanapendelea kiti cha mezani." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulipomaliza akanitembeza, na kwenye korido tukakutana naye uso kwa uso. Amezeeka kidogo, miwani amebadilisha. Bwana Lindquist akanitambulisha, na yeye akanipa mkono, akasema, "Nimefurahi kukufahamu. Barabara zilikuwaje?" Nikasema, "Nzuri tu, asante." Akasimama kidogo, akasema, "Haya, karibu sana," akaenda zake. Basi! Machozi yangu yote yale, ananiuliza barabara!

Usinifundishe kanuni Shangazi, kanuni nazijua, siri ya mteja ni ya mteja na hata kwamba mnajuana ni siri, hayo nimeyafanyia mtihani nikapasi. Lakini niliumia, na nimeendelea kuumia. Tamsin anasema, "We iweke ya kwanza, ukishafika atalegea tu." Mama yangu, ambaye bado anakamua ng'ombe wa baba, yeye anasema, "Sikiliza binti, unatafuta kazi au unatafuta mama? Maana mama unaye, na sasa hivi miguu yake imeganda kwa baridi na hajapata chai." Halafu kuna chuo kingine Dakota Kaskazini, uwanda mtupu na upepo, wanafunzi wake watoto wa wakulima kama mimi, tulicheka usaili mzima na wakaniuliza maswali ya maana, lakini sina kumbukumbu hata moja huko. Niweke kipi cha kwanza? Na nijibu kwa kweli, huyu Daktari Pruitt amenisahau?

Mimi Ninayekumbuka Peke Yangu,
Wisconsin

*

Binti yangu,

Pole kwa kufiwa na baba. Naanza na hilo kwa sababu naona kidonda bado ni kibichi, na yeyote anayekwambia ungekuwa umeshapona hajafiwa bado.

Sasa nikugombeze. Mtu anayekwenda kuomba kazi hakai kwenye kochi la wateja akakumbatia mto. Mdomo wako ulikuwa unaomba kazi, makalio yako yanaomba miadi. Nisamehe lugha, nimekulia shambani kama wewe, na mama yako namwelewa vizuri sana. Mpelekee chai.

Hebu fikiri ukipangiwa kule itakuwaje. Huyo Daktari Pruitt ndiye mkuu. Atatakiwa akupime, aketi na wenzake wajadili hapa unafaa na hapa hufai, na kifuani ana mambo yako asiyoweza kuyatamka wala kuyafuta. Utamfunga mdomo mwaka mzima, halafu utamnunia kwa kufungwa mdomo. Na wewe je? Ataingia mtoto wa watu amefiwa, analia, na sikio lako moja liko korido unasikiliza kama Daktari Pruitt anapita. Huyo mtoto amekukosea nini? Kwa hiyo kituo hicho usikiweke cha kwanza, wala usikiweke cha mwisho. Kitoe kabisa, maana hiyo kompyuta yenu haijui utani, ukikiacha hata mkiani inaweza kukurusha huko huko. Dakota Kaskazini iwe ya kwanza. Unasema huna kumbukumbu huko, vizuri, ndiyo maana ya kwenda. Nunua koti la maana. Na Tamsin mwambie ashughulike na orodha yake.

Kwamba amekusahau, hapo ndipo uliponiudhi. Kanuni umeifanyia mtihani, lakini nusu yake umeiruka. Marehemu mume wangu Vernon alifanya kazi hii hii, tena katika mji mdogo ambao mtu akipiga chafya jirani anamjibu. Kwenda naye dukani ilikuwa adhabu. Akimwona mtu aliyewahi kukaa ofisini kwake, anageukia makopo ya supu na kuyasoma maandishi yote, viungo, chumvi, kila kitu, mpaka yule mtu aamue mwenyewe. Akisema, "Habari, Vern," basi imekwisha, wataongea hapo mpaka barafu niliyonunua imeyeyuka. Asiposema, Vernon anasoma supu. Nilikuwa namwambia, "Wewe mzee, watu watasema una kiburi." Ananijibu, "Wao ndio wa kusalimia kwanza, Ardis. Nikianza mimi, nimewaanika."

Umenielewa? Angekuwa amekusahau, angeketi pale akusaili, kama alivyomsaili Tamsin. Alijitoa kwa sababu anakujua. Na pale korido, mbele ya Lindquist, alikupa mkono, akakuuliza barabara, halafu akasimama. Umeandika mwenyewe kwamba alisimama! Alikuwa anasoma supu, binti. Alikuwa anakungoja. Wewe ukamjibu nzuri tu asante, naye akaheshimu ulichochagua, akaenda zake na maumivu yake, kwa sababu usidhani ni wewe peke yako uliyeumia siku ile.

Vernon alipofariki, ibada ilipokwisha watu wakapanga mstari kuaga. Nilitegemea majirani na ndugu. Wakaja watu nisiowajua hata kwa sura, na wengine ninaowajua vizuri, mmoja wao ni bwana aliyekuwa akitupita dukani miaka yote bila kutazama upande wetu. Mmoja mmoja wakasimama kwenye jeneza, na kila aliyefika akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Habari, Vern." Nililia kwa furaha, na nililia kwa hasira pia. Maana alikuwa amewangoja muda wote ule, na sasa wamekuja kumsalimia hawezi kuitikia.

Wako wewe bado anaweza kuitikia. Peleka orodha yako Jumatano bila jina la kituo chake. Majibu yakitoka, kabla hujafunga mizigo, piga simu kituoni, mwombe Daktari Pruitt aje kwenye simu, na akishaipokea usingoje. Anza wewe.

Shangazi Ardis